Rivyu ya ala zisizo za kawaida kwa mtoto: ipi umpe sasa, ipi asubiri akue

Wazazi wenzangu, mtoto akisema anataka kujifunza muziki wengi wetu akili inaenda sehemu tatu tu, kinanda, gitaa, violin, basi. Sina ugomvi na hizo tatu, ni ala nzuri na walimu wake wapo wengi, ila kuna watoto ambao gitaa haliwaingii kabisa, afu ukiwapa viola au basuni au kalimba unashangaa wanavyong'ang'ana nayo mpaka uwaambie basi sasa kalale. Mimi nafundisha watoto wanaoanza, na nyumbani pia nina wangu, kwa hiyo hizi nitakazozisema hapa nimeziona zikishikwa na mikono midogo, zikidondoka, zikipigwa vibaya na baadaye zikipigwa vizuri. Nitaziandikia kama bidhaa: inafanya nini, inasumbua wapi, na mtoto wa aina gani apewe.

Kitu ninachokiamini kuliko vyote ni kwamba mwili wa mtoto ndio unachagua ala. Usimnunulie ala kwa sababu ni ya ajabu na majirani watashangaa, wala kwa sababu mtu kakwambia hii ina nafasi kwenye okestra. Angalia urefu wa mkono, vidole vinafunguka kiasi gani, meno ya mbele ya ukubwani yameota au bado, pumzi ikoje, halafu sikio lake linavutwa na sauti nene au nyembamba. Hiyo ya sikio watu wanaisahau na ndio nzito zaidi. Kabla hamjaenda dukani mfungulie rekodi za ala tofauti bila kumwonyesha picha wala kumtajia jina, muulize tu ipi ungependa kuisikia tena, na umwache ajibu mwenyewe bila dada yake kumsaidia. Mtoto anayeipenda sauti ya ala yake atavumilia vidole kuuma, atavumilia noti ngumu. Asiyeipenda hafanyi mazoezi hata umuahidi nini.

Nianze na viola maana ndio ninayoipendekeza mara nyingi zaidi. Kwa macho ni violin iliyonenepa kidogo, inawekwa begani vilevile, upinde vilevile, tofauti kubwa ni nyuzi. Violin ina G, D, A na E, viola ina C, G, D na A, yaani ule uzi mwembamba wa juu haupo na badala yake umewekwa uzi mnene chini. Kwa anayeanza hii ni neema kubwa kwa sababu ule uzi wa E ndio unaotoa zile sauti kali za miezi ya mwanzo, zile zinazomfanya mtoto mwenyewe akunje uso. Mtoto mwenye sikio la sauti nene akishikishwa viola akavuta uzi wa C mara ya kwanza unamwona kabisa anatulia, anavuta tena, anavuta tena.

Kwenye kununua hapa ndio pa kuwa makini. Viola hazipimwi kwa nusu na robo tatu, zinapimwa kwa inchi za mwili wake. Inchi 12 inakaribiana na violin ya nusu, 13 na violin ya robo tatu, 14 na violin kamili, na za watu wazima zinaanzia kama 15 kwenda mpaka 17 hivi, hazina saizi moja rasmi. Wauzaji wengine wanachukua violin ndogo wanaifunga nyuzi za viola wanaiuza kama viola ya mtoto, na huo si utapeli, ni njia inayotumika sana kwa watoto wadogo, wewe uliza tu ujue unachonunua. Kasoro ya kweli ya viola ndogo ni huohuo uzi wa C. Mwili mdogo hauna nafasi ya kuibeba sauti nene kiasi kile kwa hiyo inatoka imefifia, haina kiini. Ukitoa nyuzi zilizokuja nayo ukaweka seti nzuri, au hata ule wa C peke yake, utasikia tofauti siku hiyohiyo. Mimi naona pesa iende hapo kwanza kabla ya kesi ya rangi nzuri.

Wazazi waliosoma muziki kidogo wanaogopa ufunguo wa alto, ule ambao C ya katikati inakaa kwenye mstari wa katikati, wanaona mtoto atachanganyikiwa. Hachanganyikiwi, yeye hana alichozoea cha kuchanganya nacho. Tatizo halisi ni kwamba vitabu vya kuanzia ni vichache kuliko vya violin na muziki wa kupiga peke yako pia ni mchache. Ila sasa angalia upande wa pili: kwenye vikundi vya watoto violin zinajaa, viola zinatafutwa, kwa hiyo mtoto wako ataitwa kupiga na wenzake mapema sana, na kupiga na wenzake ndio dawa ya kuacha. Halafu pale katikati ya sauti za wengine unasikia kila kitu, juu na chini. Mozart alipenda kushika viola kwenye kwarteti, yaani kikundi cha wapigaji wanne, Dvořák alikaa kwenye viti vya viola vya okestra huko Prague kwa miaka kabla hajajulikana kama mtunzi, na mimi sioni kama ilitokea tu, kiti kile kinafundisha. Nyota 4 na nusu kwa mtoto wa miaka 6 au 7 kwenda juu, na ile nusu nimeikata kwa sababu ya uzi wa C.

Sasa basuni, na hapa ndio roho yangu ilipo.

Basuni ya kawaida ni bomba la mbao la kama mita 2 na nusu lililokunjwa mara mbili, ikisimama inapita mita 1.3, na uzito wake ni kilo 3 na kitu. Matundu yako mbali, gumba la kushoto peke yake linahudumia vibonyezo vingi kuliko unavyoweza kuamini, kwa hiyo mtoto mdogo hawezi hata akitaka vipi, na ndio maana miaka mingi watoto walikuwa wanaambiwa kapige kitu kingine kwanza, ukishakuwa mrefu urudi. Wengi hawakurudi. Kilichobadilisha mambo ni basuni ndogo za watoto. Guntram Wolf, mtengenezaji wa Kronach huko Ujerumani, alitengeneza fagotino kwa ajili ya watoto, Moosmann nao wana yao inaitwa Fagonello, na watengenezaji wengine wapo. Zinalia juu zaidi kuliko basuni kubwa, nyingine kwa kwarti (hatua nne za skeli) nyingine kwa kwinti (hatua tano), vidole vinakaa karibu na uzito unabebeka, na cha muhimu kabisa mpangilio wa vidole kwa sehemu kubwa ni uleule, akihamia kubwa baadaye hajifunzi upya.

Kinachonifurahisha na basuni kwa mtoto ni kwamba sauti ya kwanza haichelewi. Ridi yake, yaani vile vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja unavyoviweka mdomoni, ni pana na laini, haitaki nguvu nyingi. Unaanza na ridi peke yake bila ala, mtoto analiza hilo tete, anacheka, anafurahi, anataka tena, na tayari amejifunza nusu ya kazi ya mdomo bila kujua. Siku ya pili unaongeza bokali, kile kibomba chembamba cha chuma kilichopinda, sauti inabadilika, siku nyingine unaunganisha ala nzima. Watoto wanaopenda kuunganisha na kubomoa vitu wanaipenda mno hii sehemu. Kwa wasichana ambao mtu anaweza kuwaambia hiyo ni ala ya kiume, waambie kwamba mtunzi Vivaldi, ambaye alifundisha muziki wasichana wa Ospedale della Pietà, kituo cha yatima kule Venice, aliacha konseto 39 za basuni, yaani tungo ambazo basuni inaongoza na okestra inaisindikiza. Mikono ya kike imeshaishika ala hii zamani sana.

Shida zake nazo tuziseme. Ridi zinakufa. Zinapasuka ncha, zinachoka, nyingine zinakuja mbovu tangu mwanzo na mtoto anadhani kosa ni lake, hili linaniuma sana kuliona maana mtoto anapambana na kitu ambacho hata mtu mzima asingekiweza. Awe na ridi kadhaa anazozungusha, aziloweshe kwenye maji dakika chache kabla ya kupiga, asizikaushe juani, na mwalimu ndiye azichague sio wewe kwa picha ya kwenye mtandao. Kuna ridi za sintetiki siku hizi ambazo haziloweshwi na zinadumu zaidi, kwa anayeanza mimi nazikubali ilimradi ziwe laini, ila hakikisha kwanza ridi unayonunua ni ya saizi ya ala yako maana ridi ya basuni kubwa sio lazima ikae kwenye ndogo. Bokali pia inapinda kirahisi, mfundishe kuishika kwenye mkunjo karibu na koki sio kuisukuma kwa ncha. Na kila akimaliza unyevu utolewe kwa kitambaa, hasa kile kipande cha chini kabisa ambapo maji yote yanajikusanya, la sivyo mbao zinaoza kutoka ndani. Akianza kukaa na basuni kubwa atatumia mkanda wa kukalia, ule unaopita chini ya mapaja kwenye kiti na kubeba uzito wote, hapo shingo inapona.

Nyota 5 kama una mwalimu wa basuni mwenyewe, sio mtu wa klarineti anayesema atajaribu. Bila mwalimu nyota 2, na nasema hivi kwa upendo, mdomo wa ridi mbili haufundishwi na video, ukishakaa vibaya kuunyoosha ni kazi ya muda mrefu na mtoto anakata tamaa njiani.

Obo wengi wanaichukulia kama basuni ya wembamba, sio kweli. Hii ni ndugu wa zumari, ridi mbili pia, ila ridi yake ni ndogo mno na mlango wake wa hewa ni mwembamba, hewa inaingia kidogo sana kwa hiyo mpigaji haishiwi pumzi, anabaki na pumzi iliyochakaa kifuani inayotakiwa atoe nje kwanza ndipo avute nyingine. Mtoto mdogo hili linamchosha, kichwa kinamuuma, uso unakuwa mwekundu, wewe unadhani anajituma. Nasubiri mpaka miaka 9 au 10, meno ya mbele yamekaa, na midomo ina nguvu ya kujikunja juu ya meno bila kuuma. Obo nyingi nzuri zinatengenezwa kwa mpingo, na mpingo ni mti wa ajabu, mzito, unaimba, ila ala mpya ya mpingo ikipulizwa muda mrefu wakati hewa ni ya baridi au kavu inaweza kupasuka. Kwa mtoto chukua ya resini ya plastiki, usione aibu hata kidogo, sauti ni nzuri na hutalala unawaza ufa. Sauti ya obo ikikaa sawa inagusa mtu mpaka ndani, na ile A inayotolewa okestra nzima ityuni, obo ndio inaitoa. Nyota 3 kwa mtoto anayeanza muziki, nyota 4 kwa ambaye ameshapiga filimbi ya rekoda au ala nyingine na anasoma noti.

Tuje kwenye shaba. Tromboni ni ala ambayo watoto wanaipenda kwa macho, ile slaidi, yaani bomba linalovutwa na kusukumwa, inawaita, na ukweli ni kwamba inafaa sana kuliko wazazi wanavyodhani. Slaidi ina nafasi 7 na ya 7 iko mbali, mkono wa mtoto haufiki, wazazi wakiona hivyo wanaghairi. Msighairi. Nyimbo nyingi za mwanzo zinahitaji nafasi nne za kwanza tu, na kwa wadogo kabisa kuna tromboni ya alto ya E bemoli ambayo slaidi yake ni fupi. Halafu zimekuja tromboni za plastiki, maarufu zaidi ni pBone kutoka Uingereza, ya kwao kubwa haifiki kilo moja wakati ya shaba ni nzito zaidi, na wana ndogo pia ya hiyo E bemoli. Mtoto anaibeba mwenyewe, ikigonga ukuta haibonyei, bega la kushoto halichoki. Plastiki haina ule mng'ao wa sauti wa shaba, na slaidi ya plastiki inataka maji na usafi wa mara kwa mara, ila kama ala ya miaka miwili mitatu ya kwanza naipa nyota 4 bila kusita. Kitu kingine kizuri, tromboni inafundisha sikio kwa nguvu maana hakuna kibonyezo cha kukuambia noti iko hapa, unaitafuta kwa kusikiliza.

Honi ya okestra, ile iliyojiviringa duara na mkono wa kulia unaingia ndani ya mdomo wake, hiyo ndio ninayoipenda kwa sauti na kuiogopa kwa mtoto mdogo. Bomba la honi ya F likinyooshwa linafika kama mita 3.7, refu mno kwa sauti za kati inazopiga, na matokeo yake noti zake zimekaa kama ngazi ambayo vidato vyake vinazidi kukaribiana kadiri unavyopanda, ukikosea mdomo kidogo tu umekanyaga kidato cha jirani. Watu wazima wa kulipwa wanakosa, sembuse mtoto. Kama mtoto wako anaimba vizuri, yaani ukimpa noti anairudisha kwa sauti yake sawasawa bila kutafuta, mpe, kwa sababu honi inapigwa na sikio kabla ya mdomo. Kama haimbi sawa bado, aanze na ala nyingine ya shaba, baragumu ya kornet au yufoniamu (ile kama tuba ndogo), atahamia. Chukua honi ya bomba la B bemoli peke yake iliyotengenezwa kwa watoto, usimbebeshe ile ya watu wazima yenye mabomba ya F na B bemoli pamoja.

Na kama daktari wa meno ameshasema atafungwa waya, lifikirie mapema. Baragumu na honi zina kipulizio kidogo kinachokaa juu ya midomo mbele ya meno hayohayo yenye waya, inauma. Tromboni, yufoniamu na tuba vipulizio vyake ni vipana na vinasumbua kidogo zaidi.

Kinubi ni ala ambayo mtoto anapata sauti nzuri dakika ya kwanza, hakuna kutafuta noti hakuna mdomo, unavuta uzi unalia. Usiangalie kile kikubwa cha okestra chenye nyuzi 47 na pedali 7, kile hata wazazi wawili kukibeba wanahema. Unachotafuta ni kinubi cha leva, nyuzi 22 mpaka 36 hivi, kila uzi una kileva chake juu kinachopandisha noti nusu toni. Nyuzi za C zina rangi nyekundu na za F nyeusi au bluu kwa hiyo mtoto anajua alipo, na kidole kidogo cha mwisho hakitumiki kabisa, vinne tu kila mkono. Kwa mtoto mwenye aibu ambaye hataki kusikika akikosea nakipendekeza sana. Ila wewe mzazi jua kwamba kutyuni ni kazi yako. Nyuzi 22 kila mnapokaa, moja moja, na programu ya kutyuni kwenye simu, kwa sababu kinubi kinachopiga nje ya tyuni kinaharibu sikio la mtoto polepole bila yeye kujua. Kama hiyo kazi hutaiweza usikinunue. Usianze pia na vile vidogo vya nyuzi 12 au 15 vya mapambo, mtoto anavimaliza haraka, na vingi havina leva.

Kalimba watu wanaidharau kwa sababu ni ndogo na inauzwa kila mahali. Mimi siidharau. Ile ya kawaida ina vidole vya chuma 17 iliyotyuniwa C meja, noti zinapishana kushoto kulia kushoto kulia, kwa hiyo gumba mbili zinafanya kazi sawa na mtoto wa kushoto na wa kulia wote wako nyumbani. Miaka 5 anaanza. Jina kalimba kama la bidhaa lilisambazwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, kuanzia miaka ya 1950, lakini ala yenyewe ni ya zamani na ina ukoo mkubwa, mbira na sansi, na mwaka 2020 UNESCO iliweka utengenezaji na upigaji wa mbira na sansi wa Malawi na Zimbabwe kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kasoro ya ile ya C meja ni kwamba haina zile noti za katikati, zile za vibonyezo vyeusi vya kinanda, wimbo ukitoka kwenye skeli umekwama, na baada ya muda mtoto mwenye kiu atauliza noti ile iko wapi na haipo. Hapo ndio pa kumpandisha kwenye mbira kubwa, ambapo midundo inaingiliana, gumba hii inasema lake na ile inasema lake, ni muziki mzito kweli na unahitaji mwalimu anayeujua kwa sikio. Ukinunua kalimba piga kila kidole cha chuma peke yake dukani, sikiliza kama kuna kinachofifia au kunguruma, hasa vya pembeni kabisa, hapo ndipo za bei ya chini zinapofeli. Kinachotoka nje ya tyuni kinarudishwa kwa kugongwa taratibu na nyundo yake ndogo, juu au chini, mtoto mwenyewe anaweza akifundishwa.

Kora je? Nyuzi 21, nusu ya kibuyu iliyofunikwa ngozi, inapigwa kwa gumba na kidole cha shahada cha kila mkono. Ni ala ya Afrika Magharibi iliyokuwa ya koo maalumu, inarithiwa, na kwa muda mrefu wapigaji wa kitaalamu walikuwa wanaume. Sona Jobarteh, mwanamke mpigaji wa kora, ameifungua njia kwa wasichana na ukimwonyesha mtoto wako akipiga huhitaji kueleza zaidi. Kwa mtoto kuna za kibuyu kidogo, na kwa anayeanza tafuta yenye funguo za mashine za gitaa badala ya pete za ngozi, pete za ngozi zinapendeza na ndio asili yake ila kuzityuni kunahitaji nguvu na mazoea. Inafundishwa kwa kusikia na kuiga, bila karatasi, kwa hiyo mtoto ambaye noti za karatasi zinamtesa anaweza kung'aa hapa vibaya mno. Miaka 8 kwenda juu, na mwalimu ni lazima.

Nyingine nitazipitia haraka. Okarina, ile ya udongo ya matundu 10 aliyoibuni Giuseppe Donati huko Budrio, Italia, mwaka 1853 akiwa kijana wa miaka 17, ni nzuri, inaingia mfukoni, ila ukipuliza kwa nguvu noti inapanda na ukilegeza inashuka kwa hiyo inataka pumzi tulivu, na ikianguka imeisha, chukua ya plastiki. Konsatina, ile kama kodiani ndogo, inafaa mikono midogo kweli, jua tu kuna ambayo kibonyezo kimoja kinatoa noti ileile ukivuta na ukisukuma, na kuna ambayo zinatofautiana, usimnunulie moja na kitabu cha nyingine. Theremin, ile ya umeme inayopigwa kwa kusogeza mikono hewani bila kuigusa, mtoto ataifurahia wiki moja, kuipiga kwa usahihi ni kazi ya mtu ambaye sikio lake limeshakomaa kwenye ala nyingine, kwa hiyo hapana.

Kwenye hizi kubwa, basuni, obo, honi, kinubi, kodi kwanza kabla ya kununua kama kuna sehemu ya kukodi, na mkataba uangalie mambo mawili: nani analipa matengenezo ya kawaida, na je akikua anabadilishiwa saizi bila kuanza mkataba upya. Ala ya zamani iliyotumika nayo ni sawa kabisa ilimradi mwalimu aipige yeye mwenyewe mbele yako, noti zote kutoka chini mpaka juu, taratibu. Kwenye za mbao aangalie pedi chini ya vibonyezo na nyufa, kwenye za shaba slaidi na vali zitembee bila kukwama, kwenye viola na kinubi aangalie shingo na ubao wa mbele kama umeinuka. Anayeuza akikataa ala isipigwe nzima, ondokeni.

Na siku ya kwenda kuchagua mpeleke mtoto mwenyewe, akiwa ameshiba na amelala vizuri, mpe ala mbili tu ashike, sio kumi. Muda anaotumia na kila moja ndio jibu lake. Ile anayoirudisha mwenyewe mezani bila kuambiwa, iache. Ile unayolazimika kumwomba aiweke chini, muulize mwalimu ana nafasi siku gani.